Gari lililogongwa likiibwa: Bima hulipa nini, na madai hukwama wapi

GARI likigongwa Jumatatu na kuibwa Ijumaa kabla halijafika kwa fundi, mwenyewe amepata hasara mbili. Hata hivyo, kampuni ya bima haitamlipa kana kwamba alikuwa na magari mawili. Itauliza swali moja: gari hilo lilikuwa na thamani gani usiku lilipotoweka? Jibu la swali hilo, pamoja na ushahidi wa kulithibitisha, ndilo huamua iwapo familia itanunua gari jingine au itabaki na barua ya kukataliwa.

Suala hili linawagusa kwa karibu wakazi wa mtaa kama Huruma mjini Eldoret. Huruma ni wadi katika eneobunge la Turbo, kaunti ya Uasin Gishu, na Eldoret, iliyopewa hadhi ya jiji Agosti 15, 2024, iko kwenye barabara kuu itokayo Mombasa kupitia Nairobi hadi Malaba, mpakani mwa Uganda. Gari likichukuliwa usiku wa manane, mwizi aweza kuwa karibu na mpaka kabla ya alfajiri. Pia laweza kufunguliwa na kuuzwa vipande vipande kama vipuri. Vyovyote iwavyo, mwenyewe akiamka asubuhi hubaki na ufunguo mkononi na mkataba wa bima ambao huenda hajawahi kuusoma.

Si kila bima hulipa wizi

Jambo la kwanza ni aina ya bima. Sheria ya Kenya, Sura 405, humlazimisha kila mwenye gari kuwa na bima ya kuwafidia watu wengine watakaoumizwa na gari lake barabarani. Hiyo ndiyo bima ya mtu wa tatu. Mwenye bima hiyo peke yake hana dai lolote gari lake likiibwa. Wanaoweza kudai ni wale walionunua bima kamili, au ile ya mtu wa tatu inayojumuisha pia moto na wizi.

Tofauti kati ya hizo mbili huonekana pale gari linapokuwa limegongwa kabla ya kuibwa. Bima kamili hugharamia ajali na wizi. Ile ya moto na wizi haigharamii ajali, hivyo ubovu uliotokana na mgongano ni mzigo wa mwenye gari tangu mwanzo.

Aidha, mikataba mingi huweka vizuizi. Gari la matumizi ya nyumbani likikodishwa kwa siri na aliyelikodi akatokomea nalo, kampuni inaweza kukataa kulipa kwa sababu matumizi hayo hayakuandikwa katika mkataba. Vivyo hivyo kwa aliyeacha ufunguo ndani ya gari akaingia dukani.

Fidia haizidi hasara

Msingi wa bima ya mali ni kumrudisha aliyepata hasara mahali alipokuwa kabla ya hasara hiyo. Mahakama ya Rufaa ya Uingereza ilisisitiza mwaka 1883, katika kesi ya Castellain na Preston, kwamba mwenye bima hulipwa hasara yake yote, lakini kamwe hawezi kulipwa zaidi ya hapo. Kanuni hiyo imekita mizizi katika sheria ya bima nchini Kenya.

Kwa sababu hiyo, kiasi kilichoandikwa katika mkataba si ahadi ya malipo. Ni kikomo tu. Gari lililowekewa bima ya Sh900,000 ilhali bei yake sokoni ni Sh800,000 halitalipwa zaidi ya Sh800,000. Anayetia bima kwa kiwango cha juu kuliko thamani huwa amelipa ada ya bure. Anayetia kwa kiwango cha chini naye aweza kupunguziwa fidia kwa uwiano wa pengo hilo.

Chukua mfano wa gari lenye thamani ya Sh800,000 likiwa zima. Limegongwa ubavuni na taa zimevunjika, na fundi amekadiria matengenezo kuwa Sh150,000. Likiibwa likiwa katika hali hiyo, mkadiriaji wa kampuni atasema lilikuwa na thamani ya Sh650,000.

Kisha huondolewa sehemu ya hasara ambayo mwenye gari hujibebea mwenyewe. Katika mikataba mingi ya Kenya sehemu hiyo kwa wizi ni asilimia 10 ikiwa gari lilikuwa na kifaa cha kuzuia wizi, na asilimia 20 ikiwa halikuwa nacho. Kama mkataba unahesabu asilimia hiyo kwa thamani iliyokadiriwa, mwenye kifaa atapokea Sh585,000 na asiye nacho Sh520,000.

Lau gari hilo lingekuwa limetengenezwa na risiti za fundi zipo, hesabu ingeanzia Sh800,000 na mwenye kifaa angepokea Sh720,000. Tofauti ya Sh135,000 yaweza kutokana na karatasi chache tu zilizohifadhiwa au kutupwa. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari.

Hasara kubwa humeza ndogo

Swali gumu zaidi ni hili: je, mwenye bima kamili aliyeripoti ajali lakini akaibiwa gari kabla dai la ajali halijalipwa, anaweza kudai yote mawili?

Mawakili wanaotafuta mwongozo hurejea kwenye bima ya meli, ambako swali hilo lilijibiwa zamani. Mwaka 1810, katika kesi ya Livie na Janson, mahakama ya Uingereza ilisikiliza habari za meli iliyotoroka bandari ya New York usiku ili kukwepa marufuku ya serikali ya Marekani. Ilisukumwa na barafu na upepo, ikakwama na kuharibika. Siku iliyofuata serikali ikaikamata, na hatimaye ikatwaliwa kabisa. Bima haikugharamia kutwaliwa na Wamarekani, kwa hiyo wenyewe wakadai angalau gharama ya uharibifu wa barafu. Walishindwa. Mahakama ilisema hasara ndogo ambayo haijatengenezwa humezwa na hasara kubwa inayofuata.

Kanuni hiyo iliingizwa katika sheria ya bima ya baharini ya Uingereza ya mwaka 1906: hasara ya sehemu isiyotengenezwa ikifuatwa na hasara kamili chini ya mkataba uleule, mwenye bima hudai ile hasara kamili pekee. Magari si meli, na sheria hiyo haitawali bima ya magari moja kwa moja. Lakini hoja yake ina makali pande zote mbili.

Kampuni inaweza kumwambia mwenye gari kwamba haitalipa matengenezo kwa kuwa hayatafanyika tena. Hoja hiyo ina mantiki. Lakini ikiwa ajali na wizi vyote vilitokea ndani ya mkataba mmoja unaogharamia hatari zote mbili, kampuni haiwezi kukataa dai la ajali kwa kusema limemezwa na wizi, kisha igeuke na kukata Sh150,000 kutoka kwa thamani ya gari kwa sababu ya ajali hiyohiyo. Itakuwa imemtwisha mwenye gari hasara ambayo alilipa ada ili aepushwe nayo. Anayeona hesabu ya namna hiyo katika barua ya malipo ana haki ya kudai maelezo kwa maandishi kabla ya kutia saini.

Hoja hiyo haimsaidii aliyekwisha kulipwa fidia ya ajali akaitumia kwa mambo mengine. Fedha za matengenezo alikwisha kuzipokea, na gari litahesabiwa likiwa bovu. Pia haimsaidii ambaye gari lake lilikuwa limeharibika kabla ya bima kuanza.

Mficha maradhi

Mara nyingi dai huanguka kwa sababu ya kilichofichwa kuliko kwa sababu ya ubovu wenyewe. Mkataba wa bima ni wa uaminifu wa hali ya juu: anayeomba bima hutakiwa kueleza kila jambo linaloweza kuathiri uamuzi wa kampuni kumkubali au kumtoza ada fulani. Uingereza ililegeza sharti hilo kwa wateja wa kawaida kupitia sheria ya mwaka 2012, ambapo mteja hutakiwa tu kujibu maswali kwa uaminifu na uangalifu wa kutosha. Nchini Kenya, ni salama zaidi kwa mteja kusema yote hata asipoulizwa.

Ajali za zamani ni miongoni mwa mambo hayo. Magari mengi nchini huletwa yakiwa yametumika kutoka Japani, ambako minada huyapa alama za ubora. Alama ya R au RA huonyesha kwamba gari liliwahi kupata ajali na kutengenezwa. Mengine ni yale yaliyoharibika hapa nchini, kampuni za bima zikawalipa wenyewe na kuyauza mabaki, kisha mafundi wakayafufua. Mnunuzi asiyejua historia hiyo hushtuka mpelelezi wa bima anapoichimbua baada ya wizi.

Tiba yake ni ukaguzi wa thamani kabla ya bima kuanza. Mkadiriaji aliyeidhinishwa huandika hali ya gari na kulipiga picha. Ripoti hiyo ikitaja mlango uliobonyea na kampuni ikakubali kutoa bima, haitakuwa rahisi kwake kudai baadaye kwamba ilifichwa.

Anayeongeza chumvi hujitia hatarini zaidi. Kusema gari lilikuwa zima ilhali lilikuwa limegongwa, au kutoa risiti bandia za fundi, kwaweza kupoteza dai zima na kumfikisha mhusika mahakamani. Mamlaka ya Kudhibiti Bima (IRA) ina kitengo cha kuchunguza ulaghai chenye maafisa wa polisi. Majirani waliolishuhudia gari likiburutwa hadi gereji watahojiwa. Mficha maradhi, kilio humfichua.

Saa za kwanza

Mara wizi unapogunduliwa, hatua ya kwanza ni kituo cha polisi kilicho karibu. Mlalamishi ahakikishe taarifa imeandikwa katika kitabu cha matukio na apewe nambari ya OB. Baadaye ataomba abstrakti ya polisi, cheti ambacho kampuni zote za bima hukitaka. Ni busara kutaja alama za gari, ukiwemo ubovu wake. Taa iliyovunjika yaweza kumsaidia afisa kwenye kizuizi cha barabarani kulitambua hata likiwa limebadilishwa nambari za usajili. Taarifa ya polisi inayotaja ubovu na dai la bima lisiloutaja zitagongana.

Kampuni ya bima ijulishwe siku hiyohiyo, kwanza kwa simu kisha kwa maandishi. Kumweleza wakala pekee hakutoshi, kwani wakala akichelewa anayeumia ni mteja.

Nyaraka zinazohitajika kwa kawaida ni fomu ya madai iliyojazwa, abstrakti, hati ya umiliki wa gari, nakala za kitambulisho na PIN ya KRA, leseni ya dereva wa mwisho, na funguo zote za gari. Ufunguo mmoja ukikosekana, mwenyewe aeleze ulikokwenda. Aliyegongwa awali aongeze abstrakti ya ajali ile, makadirio ya fundi, risiti na picha.

Ikiwa gari lilinunuliwa kwa mkopo, benki au Sacco iliyoandikwa kwenye hati ya umiliki ndiyo hulipwa kwanza. Fidia ikipunguzwa kwa sababu ya ubovu, huenda isimalize deni, na mkopaji akaendelea kulipia gari asilokuwa nalo.

Siku 90, kisha malalamiko

Sheria ya Bima, Sura 487, imeweka siku 90 za kulipa dai. Uchunguzi wa wizi huchukua muda, kwa kuwa kampuni husubiri polisi waseme gari halijapatikana. Mdai aandike barua za kufuatilia na kuhifadhi nakala.

Kampuni ikikataa, itoe sababu kwa maandishi. Mdai anaweza kupeleka malalamiko kwa IRA bila malipo, akiambatisha mkataba na barua zote. Akiona ukadiriaji ni wa chini mno, anaweza kumlipa mkadiriaji wake huru alete ripoti nyingine. Mikataba mingi hupeleka migogoro ya kiasi cha malipo kwa msuluhishi kabla ya mahakama. Kisheria kesi ya mkataba huweza kufunguliwa ndani ya miaka 6, lakini mikataba mingi ya bima huweka muda mfupi zaidi, mara nyingi miezi 12 baada ya dai kukataliwa. Tarehe hiyo isipuuzwe.

Gari likipatikana kabla ya malipo, mwenyewe hulirudishiwa, na kampuni hugharamia uharibifu uliofanywa na wezi. Hapo picha za ubovu wa zamani hufaa tena, maana hutenganisha kilichoharibiwa na wezi na kilichokuwepo. Likipatikana baada ya malipo, ni mali ya kampuni.

Mwenye gari lililobonyea ambalo bado halijaibwa ana nafasi ambayo aliyeibiwa hana. Anaweza leo kulipiga picha, kumwandikia barua aliyemuuzia bima, na kuomba nakala iliyopigwa muhuri wa kupokelewa.