Maoni, mrejesho na hoja: safari ya sauti ya mtumiaji hadi kwenye hazina ya msimbo

Mwanafunzi wangu mmoja, mkazi wa Shangani hapa Mtwara, alikuwa akitumia programu ya kamusi katika simu yake alipokuta kwamba wingi wa neno *ufukwe* umeandikwa *maufukwe*. Mtu aliyekulia hatua chache kutoka baharini hakuhitaji kuuliza: *ufukwe huu, fukwe hizi*. Chini ya ukurasa palikuwa na kitufe kilichoandikwa "Tuma mrejesho". Akaniuliza, "Mwalimu, mrejesho wa nini, nami sijatumwa na mtu?" Hata hivyo aliandika "Wingi wa ufukwe ni fukwe", akatuma. Miezi ikapita. Hakujibiwa, na *maufukwe* yakabaki pale pale.

Swali lake ni la kiisimu. Kimya alichokipata ni cha kiufundi. Makala haya yanaonesha kwamba mambo hayo mawili yanahusiana, na yanapendekeza istilahi za kuyaeleza.

Maoni si mrejesho

Nomino *maoni* inatokana na kitenzi *-ona*: ni yale ambayo mtu ameyaona na kuyapima. *Mrejesho* inatokana na *-rejesha*, kauli ya kutendesha ya *-rejea*. Kwa hiyo ndani ya *mrejesho* mna mtu anayesababisha kitu kirudi kilikotoka. Ndiyo maana, katika matumizi ya kawaida ya Tanzania, mjumbe aliyetumwa kikaoni huleta mrejesho kwa waliomtuma. Mwanafunzi wangu alikuwa sahihi kushangaa.

Ni kweli kwamba *mrejesho* limekwisha kuenea kwa maana ya maoni ya mteja, na silikatazi. Lakini mfasiri wa violesura atamsaidia msomaji akitenganisha safari mbili: kinachotoka kwa mtumiaji kwenda kwa watengenezaji ni *maoni*, kinachomrudia mtumiaji baada ya maoni yake kushughulikiwa ni *mrejesho*. Kitufe na kisomeke "Tuma maoni".

Hazina ya msimbo na hoja

Watengenezaji wa programu huhifadhi msimbo wao katika hazina zinazotunza kila badiliko: nani alibadili nini, lini, na kwa sababu gani. Mfumo wa Git, uliobuniwa na Linus Torvalds mwaka 2005, ndio msingi wa kazi hiyo, na GitHub, iliyofunguliwa mwaka 2008, ni miongoni mwa majukwaa yanayopangisha hazina hizo mtandaoni. Baadhi ya waandishi husema *ghala la msimbo*. Ninapendelea *hazina*, kwa kuwa linabeba wazo la kutunza kwa uangalifu, si kulundika tu.

Ndani ya majukwaa hayo, kila jambo linalohitaji kushughulikiwa hufunguliwa kumbukumbu yake. Wafasiri wengine huiita *tatizo*, lakini si kila kumbukumbu ni tatizo. Nyingine ni pendekezo au swali. Neno *hoja* linafaa zaidi, kwa sababu hoja hutolewa, hujadiliwa, hukubaliwa au hukataliwa, kisha hufungwa.

Maoni ya mwanafunzi wangu hayakuwahi kuwa hoja. Fomu za maoni huweza kujaza jedwali fulani au sanduku la barua pepe, ilhali wahariri wa msimbo wanaangalia hazina. Mtwara mjini na Msangamkuu zinatazamana, lakini kutazamana si kuvuka, panahitajika kivuko.

Otomatiki kwa msimbo kidogo

Zamani kivuko cha namna hiyo kilihitaji mwanaprogramu wa kukijenga. Leo kuna zana, kama vile Zapier na n8n, ambazo humwezesha hata mhariri wa kamusi kuunganisha mifumo miwili kwa kupanga hatua katika skrini na kuandika msimbo kidogo, au asiandike kabisa. Hatua zenyewe ni hizi:

1. *Kichocheo*: tukio linaloanzisha kazi, mathalani fomu mpya ya maoni kupokelewa.
2. *Chujio*: sharti linaloamua maoni yapi yaendelee na yapewe lebo gani.
3. *Ulinganishaji wa sehemu*: kueleza kwamba "neno husika" katika fomu liwe kichwa cha hoja, na "maelezo" yawe mwili wake.
4. *Kitendo*: kufungua hoja mpya katika hazina.

Kuhusu istilahi, *msimbo mchache* husikika, lakini *-chache* huelekea kuhesabu vitu: watu wachache, siku chache. Hapa tunapima kiasi, hivyo *msimbo kidogo* ni bora. Tena tusilichanganye na *bila msimbo*, ambalo ni dai kubwa zaidi.

Mtego wa chujio

Katika hatua ya pili ndipo mwanaisimu anapohitajika. Tuseme chujio limeagizwa lipitishe maoni yenye neno *kosa* tu. Likitafuta neno zima, litaacha *makosa*, *limekosewa* na *amekosea*, kwa kuwa Kiswahili hupachika viambishi mbele na nyuma ya mzizi. Likitafuta mfuatano *kos* popote ulipo, litanasa *kikosi* na *mkosi*, pamoja na sifa kama "sikosi kuitumia kila siku". Na katika hali zote mbili litaukosa ujumbe usemao "haifunguki". Hata ujumbe wa mwanafunzi wangu, "Wingi wa ufukwe ni fukwe", hauna neno la lawama ndani yake, ingawa ni sahihisho kamili.

Funzo ni kwamba chujio la Kiswahili lisipewe mamlaka ya kutupa. Lipewe kazi ya kuweka lebo tu, na mtu asome. Kanda yetu ina mfano mzuri wa jambo hili. Jukwaa la Ushahidi, lililoanzishwa Kenya mwaka 2008 kufuatia ghasia za baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, lilikusanya taarifa za raia kwa ujumbe mfupi wa simu na kwa wavuti, kisha likazionesha katika ramani. Mashine iliharakisha ukusanyaji, lakini kuthibitisha kulihitaji binadamu. Jina lenyewe linatukumbusha hivyo, kwani ushahidi hupimwa kabla ya kukubaliwa.

Siri za mtumaji

Hazina nyingi ni huria, na hoja zake husomwa na yeyote. Fomu ikiwa na jina na namba ya simu, ulinganishaji wa kizembe utavimwaga hadharani. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Lakini hata pasipo sheria, adabu inatosha kutuambia kwamba aliyetusahihisha hastahili kuanikwa. Ipelekwe hoja pekee pamoja na namba ya kumbukumbu. Mawasiliano yabaki upande wa fomu.

Kufunga mzunguko

Otomatiki nyingi huishia kwenye hatua ya nne, na hapo kazi huwa nusu. Kivuko hurudi. Hoja inapofungwa, tukio hilo nalo liwe kichocheo: mfumo utafute namba ya kumbukumbu, kisha umtumie mtoa maoni ujumbe kwamba sahihisho limekubaliwa, au limekataliwa na kwa nini. Ujumbe huo ndio unaostahili kuitwa *mrejesho*. Tahadhari moja: ujumbe huo usiingie tena katika fomu kama maoni mapya, la sivyo mifumo itatumiana barua bila kikomo.

Mifano ya matumizi

- Mtumiaji *ametoa maoni* kuhusu kidahizo "ufukwe".
- Mfumo *umefungua hoja* katika hazina ya msimbo.
- Mhariri *ameifunga hoja* baada ya kusahihisha wingi.
- Mtumiaji *amepata mrejesho*.

Sentensi tatu za mwanzo huweza kukamilika bila mtumiaji kujua lolote. Ya nne ndiyo itakayomfanya mwanafunzi wa Shangani atume sahihisho la pili. Kamusi inayotegemea wasemaji wake haiwezi kumudu kumpoteza.