Waya wa njano wa feni: upime kabla ya kuuunganisha

Ukiwa na ufundi wa simu au redio, utajifunza haraka kutengeneza printa za 3D, na vipuri vinapatikana hapa Guangzhou. Lakini ukiunguza bodi ya mteja utailipa wewe, na mgeni hana akiba. Kwa hiyo ujue waya huu mmoja.

Feni ya nyaya tatu (mwonyeshe muuzaji: 三线风扇) kwa kawaida ina waya mwekundu wa chanya, mweusi wa hasi, na wa njano unaopeleka taarifa ya mwendo, mara nyingi mapigo 2 kwa kila mzunguko. Feni ya kichwa cha printa ikisimama, bodi iliyopangwa vizuri huona mapigo yamekatika na kuzima joto. Waya huo hulinda mashine, na hulinda chumba unacholala.

Hatari ni hii: feni hutumia volti 12 au 24, lakini chipu za bodi nyingi hutumia 3.3 tu.

Fuata hatua hizi:

1. Usiamini rangi peke yake. Soma mchoro wa feni na wa bodi.

2. Washa feni, waya wa njano ukiwa haujaunganishwa popote. Pima kati yake na hasi. Mita ikisoma karibu na sifuri, ni dalili njema. Ikionyesha volti, hata 2 au 3, usiunganishe: feni ikizunguka mita husoma wastani, na kilele chaweza kuwa mara mbili.

3. Waya mweusi uende kwenye hasi ya kudumu. Bodi nyingi huzima feni kwa kukata hasi. Hapo waya mweusi hupanda hadi volti 24 na kuuvuta wa njano.

4. Upande wa bodi, weka rizista ya kilo-omu 10 kutoka pini ya mapigo hadi volti 3.3, kama bodi haina yake. Usiipeleke kwenye 12 wala 24.

5. Kwa usalama zaidi, pitisha waya wa njano kwenye dayodi, mstari wake ukielekea feni. Volti kubwa haitarudi kwenye chipu.

Zima umeme kila unapogusa nyaya. Dayodi ni ya senti chache. Bodi ni chakula cha wiki nzima.