Mikono Isiyotii: Mtoto Ashindwaye Kufunga Viatu

Ndugu msomaji, huenda jambo hili limetokea nyumbani mwako wiki hii iliyopita. Saa imekwisha piga kumi na mbili na nusu asubuhi. Chai imenywewa, mkoba uko mlangoni, daladala inapiga honi barabarani, naye mwanao wa miaka minane amekaa kizingitini, ameinamia kiatu. Amepishanisha gidamu, amevuta. Amefanya kitanzi. Alipofanya cha pili, cha kwanza kikafumuka. Ameanza upya. Mdogo wake wa miaka sita amekwisha funga vyake zamani, naye yuko uani anachezea mpira. Wewe una kazi ya kuwahi. Je, wakati ule ulimwambia nini?

Sikuulizi kwa kukusuta. Wengi wetu tungesema: “Mvivu wewe!” au “Mkubwa mzima!” na kumfunga viatu kwa hasira, pengine na kofi juu yake. Lakini wako watoto ambao uvivu haumo kabisa katika shida yao, na kwao neno hilo ni dhuluma. Mwandishi wa makala hii alikuwa mmoja wao, na alikulia mahali ambapo mikono mizito haina pa kujificha.

Uroa ni kijiji cha wavuvi katika pwani ya mashariki ya Unguja, kati ya Chwaka na Pongwe. Anayekwenda huko leo kutoka mjini huona mchanga mweupe na mahoteli, akadhani ni mahali pa kupumzikia. Mwenyeji anajua kuwa Uroa ni kijiji cha vidole. Wanaume hufuma madema na kushona nyavu. Wanawake hufukia makumbi ya nazi katika mchanga wa pwani kwa miezi mingi, huyafukua, huyaponda, kisha husokota usumba kuwa kamba kati ya viganja viwili. Barazani husukwa ukili, na mtoto wa kike hupewa miyaa yake mapema ajaribu. Tangu kilimo cha mwani kilipoanza katika pwani hii ya mashariki, kwanza Paje na Jambiani mwaka 1989, pakaongezeka kazi nyingine ya kufunga mafundo. Maji ya bamvua yanapokupwa, kina mama huteremka na vigingi na kamba, na kila kipande cha mbegu ya mwani hufungwa juu ya kamba kwa uzi mdogo uitwao taitai. Kamba moja ina mafundo mengi, na shamba moja lina kamba nyingi. Watoto wakitoka skuli huenda kusaidia.

Mimi nilipokwenda kusaidia, taitai zangu zilifumuka.

Nilikuwa na miaka minane. Mama alinipa kamba mbili nizifunge nyumbani kivulini, nami nilizifunga kwa bidii yangu yote, ulimi nje. Bamvua iliyofuata tulikuta vigingi vimesimama na kamba zangu zi tupu. Mbegu ilikuwa imechukuliwa na maji. Mwani hukaa baharini kiasi cha wiki sita kabla ya kuvunwa, kwa hiyo kamba tupu ni fedha ya wiki sita iliyokwenda na mkondo. Mama hakunipiga. Alizitazama, akanitazama, akasema kuanzia siku ile nichukue kazi ya kubeba magunia. Ningependelea bakora.

Huko skuli mambo yalikuwa hayo hayo. Mwalimu mmoja alizoea kunionyesha daftari langu mbele ya darasa kama mfano wa kuku aliyekanyaga wino. Nilikuwa najua jibu la hesabu, ila nilipomaliza kuliandika wenzangu walikuwa wameshafika la tatu. Chuoni nilihifadhi sura upesi kuliko wengine, lakini ubao wangu ulikuwa haujulikani wapi pana alifu na wapi pana doa. Jioni, maji yakishatoka, wavulana walicheza mpira juu ya mchanga mgumu. Mimi nilikuwa mtunza nguo. Gidamu zangu alinifungia binamu yangu mdogo, ambaye alidai kulipwa kwa kashata.

Sasa, ndugu msomaji, tuelezane jambo lenyewe. Madaktari wanalitambua tatizo hili la ukuaji ambalo humfanya mtoto ajifunze kwa taabu vitendo vinavyohitaji viungo kushirikiana: kufunga kamba na vifungo, kudaka mpira, kuandika, kukata kwa mkasi, kumimina maji bila kumwaga, kuruka kamba, kupanda baiskeli. Wengi huliita dispraksia. Mwaka 1975 daktari wa Australia, Sasson Gubbay, alitoa kitabu kizima kuhusu mtoto wa namna hii. Mwaka 1987 tatizo likaingizwa katika mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani, na mwaka 1994 wataalamu walikutana London (si ile ya Uingereza, bali ile iliyoko Ontario, Kanada) wakakubaliana kutumia jina moja. Makadirio yanayotumiwa zaidi ni kwamba watoto watano au sita katika kila mia wa umri wa skuli wanalo. Katika darasa la watoto sitini, kama yalivyo madarasa yetu mengi, hao ni watatu au wanne. Wavulana huonekana kuwa wengi kuliko wasichana.

Misuli ya mtoto huyu haina ugonjwa, na akili yake ni kama ya watoto wengine. Pengine ni mwepesi kuliko wao. Shida iko katika ubongo unavyopanga kitendo kabla mkono haujakitenda, na unavyokirekebisha wakati mkono ungali kazini. Kwa wengine mambo hayo hukaa mkononi baada ya kurudiwa mara kadhaa, kisha hufanyika bila kufikiriwa. Kwa mtoto huyu kila mara ni kama mara ya kwanza. Ndiyo maana jana aliweza na leo hawezi, nawe ukadhani anafanya makusudi.

Tena kufunga gidamu ni kazi ngumu kuliko tunavyoikumbuka sisi watu wazima. Mikono miwili inatakiwa itende mambo mawili tofauti kwa wakati mmoja. Mmoja unashika kitanzi bila kukibana sana wala kukilegeza, na wa pili unazungusha kamba na kuisukuma mahali ambapo jicho halioni, nyuma ya kidole gumba. Na hata ukimaliza, fundo lina siri yake. Ikiwa mpishano wa kwanza uliweka kulia juu ya kushoto, wa pili hauna budi kuweka kushoto juu ya kulia. Ukipishanisha mara mbili upande ule ule, vitanzi vitalala kufuata urefu wa kiatu badala ya kukikata, na fundo halitafika mbali. Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walipiga picha za kasi za mtu anayekimbia, wakaona kuwa mguu unapogonga chini, kishindo ni kama mara saba ya nguvu ya mvutano wa dunia. Kishindo hicho hulegeza fundo, na ncha za gidamu zikirushwa huku na huku hulivuta mpaka likafunguka. Angalia viatu vyako mwenyewe leo. Watu wazima wengi wanafunga fundo bovu miaka yote na kuwalaumu wauza gidamu.

Utamjuaje mtoto mwenye shida hii? Usiwe na haraka ya kumpa jina kabla hajafika miaka mitano, kwani watoto hukua kwa mwendo tofauti, na gidamu wengi huziweza kati ya miaka mitano na saba au zaidi kidogo. Tazama mambo mengi pamoja, nyumbani na skuli, kwa muda mrefu. Mtoto aliyekuwa akivaa malapa tangu azaliwe, akapewa viatu vya kamba siku ya kuanza darasa la kwanza, huenda hana tatizo lolote ila ugeni wa kitu chenyewe. Mtoto wa mkono wa kushoto aliyelazimishwa kutumia wa kulia naye huonekana mzito, na wa kulaumiwa hapo si yeye. Mpime macho pia. Lakini mtoto aliyekuwa akiweza jambo, kisha akaanza kulipoteza, au anayeangukaanguka zaidi mwezi hadi mwezi, huyo si wa makala hii. Mpeleke hospitali bila kuchelewa.

Niliyemshinda kila mtu kwa ukaidi alikuwa bibi yangu mzaa mama, msokota kamba wa siku zote. Alichukua kamba mbili nene za usumba, moja akaitia rangi nyekundu ya ukili, akazifunga kwenye tendegu la kitanda chake. Hakunianzishia mwanzo. Alifanya yeye kila kitu mpaka mwisho, akaniachia mimi kuvuta tu vitanzi viwili vikaze. Siku kadhaa kazi yangu ilikuwa kuvuta. Kisha akaniachia hatua mbili za mwisho, halafu tatu. Aliketi ubavuni mwangu, si mbele yangu, ili mikono yake na yangu ielekee upande mmoja.

“Bibi, mkono haukubali.”

“Leo haukubali, mume wangu. Shika tena.”

Alikuwa hajui kwamba wataalamu wa tiba ya kazi hutumia njia hiyo hiyo ya kufundisha kwa kuanzia mwishoni, ili kila jaribio limalizike kwa ushindi. Huko Kanada imeundwa njia nyingine inayosifiwa: mtoto mwenyewe huchagua jambo analotaka kuliweza, hupanga atakavyolifanya, hulitenda, kisha hukagua palipoharibika na kupanga upya. Mkubwa huuliza maswali zaidi ya kutoa amri. Hilo linawezekana barazani pako bila gharama. Tumia kamba nene za rangi mbili. Kiweke kiatu juu ya meza kwanza, sio mguuni. Dakika kumi kila jioni zinatosha, nawe usichague asubuhi ya skuli kuwa saa ya mafunzo. Ikiwa wewe watumia mkono wa kulia na mwanao wa kushoto, hapo kaa mbele yake, akuone kama kioo. Na wakati anajifunza, mnunulie viatu visivyo na kamba. Hakuna aibu hapo.

Kwa walimu nina ombi moja tu: mwongezeeni muda wa kuandika, au mwulizeni jibu kwa mdomo. Sera ya Elimu ya Zanzibar ya mwaka 2006 inazungumzia elimu mjumuisho, nasi tumezoea kuifikiria kwa watoto wasioona na wasiosikia, ambao ulemavu wao twauona. Huyu wa pembeni mwenye daftari chafu hatumhesabu. Wataalamu wa tiba ya kazi, ambao Tanzania huwafunza KCMC mjini Moshi, ni wachache, kwa hiyo kwa familia nyingi mwalimu na mzazi ndio wataalamu wa kwanza na wa mwisho. Wasipomtambua, mtoto hujitenga na michezo, hupungukiwa na mazoezi, hukosa marafiki, na mara nyingi huingiwa na wasiwasi unaomfuata ukubwani.

Wengine wetu hatuponi kabisa. Mcheza sinema wa Uingereza, Daniel Radcliffe, alieleza mwaka 2008 kuwa ana dispraksia, na kwamba kufunga gidamu kulikuwa bado kukimtaabisha mara nyingine, ilhali dunia nzima ilikuwa ikimtazama.

Mimi niliweza nikiwa na miaka kumi na moja, kabla ya Idi, juu ya tendegu lile. Mpaka leo nafunga kwa vitanzi viwili kama masikio ya sungura, kwani ile njia ya watu wote sijaiweza. Mama alinirudishia kamba moja ya mwani mwaka uliofuata, akaifunga mwishoni mwa shamba karibu na nchi kavu. Bamvua ilipofika alikwenda kuitazama kabla ya nyingine zote, nami nikabaki ufukoni nikijifanya nahesabu magunia.