Mshauri wa fedha ana kazi, lakini nani atamlipa?

MFANYABIASHARA wa Kariakoo mwenye Sh. milioni tano za ziada hakosi watu wa kumshauri. Jirani wa duka atamwambia akanunue kiwanja Chanika. Shemeji atataka waingie ubia wa bodaboda. Ofisa wa benki atamweleza kuhusu amana ya muda maalumu, na dalali wa hisa atamtajia kampuni ambayo bei yake inapanda. Karibu kila mmoja wao atapata chochote fedha hiyo ikitoka mkononi mwa mwenyewe.

Anayekosekana ni mtu atakayelipwa hata kama jibu lake ni kwamba mteja asinunue kitu, bali airudishe fedha hiyo kwenye mzigo. Huyo ndiye mshauri wa fedha kwa maana kamili ya neno hilo. Thamani ya kazi yake haina ubishi. Mustakabali wake ndio wenye mashaka, kwa sababu wateja wengi hawajazoea kulipia maneno.

Kazi mbili, dirisha moja

Sheria ya Masoko ya Mitaji na Dhamana ilipitishwa mwaka 1994, na chini yake ikaundwa mamlaka ya kusimamia soko, CMSA. Soko la Hisa la Dar es Salaam (DSE) lilianza biashara Aprili 1998 likiwa na hisa za kampuni moja tu, TOL. Hisa za Kampuni ya Bia (TBL) zilifuata mwaka huohuo.

Tangu mwanzo utaratibu umetambua kazi mbili tofauti. Dalali hununua na kuuza hisa kwa niaba ya mteja. Mshauri wa uwekezaji humwelekeza mteja la kufanya. Kila mmoja anahitaji leseni ya CMSA. Kwa mteja mdogo, hata hivyo, kazi hizo mbili zimekuwa zikipatikana kwenye dirisha moja. Anakwenda kwa dalali, anauliza hisa ipi ni nzuri, anajibiwa, anajaza fomu. Ushauri huo huhesabiwa kuwa ni wa bure.

Hesabu inaonyesha tatizo liko wapi. Kwa miaka mingi kamisheni ya dalali pale DSE kwa biashara isiyozidi Sh. milioni 10 ilikuwa asilimia 1.7. Mteja anayenunua hisa za Sh. 500,000 humwachia dalali Sh. 8,500. Humo ndani mna pango la ofisi, mishahara na ada za leseni. Hakuna mtaalamu atakayekaa saa nzima akichambua madeni, watoto na biashara ya mteja kwa kiasi hicho.

Isitoshe, mteja akinunua na kutulia miaka mitano, dalali hapati kitu zaidi. Akiuza na kununua nyingine kila baada ya miezi michache, dalali anapata kila mara. Hata dalali mwaminifu kabisa yumo katika utaratibu ambao humlipa kwa mteja kuhangaika, si kwa mteja kutulia.

Somo la hisa za CRDB

Faida ya kutulia inaonekana wazi katika hisa za benki ya CRDB. Mwaka 2009 ziliuzwa kwa umma kwa Sh. 150 moja. Mwaka 2015 benki iliuza hisa za nyongeza kwa wanahisa wake kwa Sh. 350. Miaka minne baadaye, 2019, bei sokoni ilikuwa imeporomoka hadi chini ya Sh. 150.

Aliyenunua mwaka 2015 alikuwa amepoteza zaidi ya nusu ya fedha yake kwenye karatasi. Aliyenunua mwaka 2009 alijiona amekaa miaka kumi bila bei kusogea. Wakati kama huo ndipo simu za madalali huita, na neno huwa moja tu: uza.

Lakini bei ilikuwa ikisema jambo moja na vitabu vya benki jambo jingine. Gawio la mwaka wa hesabu 2017 lilikuwa Sh. 5 kwa hisa. La mwaka 2019 lilikuwa Sh. 17, la 2021 Sh. 36, na la 2023 likafika Sh. 50. Mwanahisa wa mwaka 2009 aliyeshikilia hisa zake alipokea kwa mwaka mmoja huo theluthi ya fedha aliyotoa mfukoni, kabla ya kodi. Mwaka 2024 bei ya hisa ilivuka Sh. 600.

Hakuna mshauri ambaye angeweza kuijua bei hiyo mapema, na anayedai kujua bei ya mwakani ni wa kuogopwa. Mshauri mzuri angeweza kufanya jambo dogo zaidi lakini lenye manufaa: kumweka mteja kitako, kumfungulia hesabu za benki, na kumuuliza kama fedha hiyo anaihitaji sasa. Kama haihitaji, na faida ya benki inakua, haraka ya kuuza ni ya nini?

Fedha ya mzigo na fedha ya uzeeni

Swali la muda lina uzito vilevile katika hati fungani za Serikali. Mwaka 2021 Benki Kuu ilileta sokoni hati ya miaka 25 yenye riba ya asilimia 15.95. Mwaka uliofuata riba ya hati mpya za muda huo ilishushwa hadi asilimia 12.56. Mwenye hati ya kwanza yenye thamani ya Sh. milioni 10 anapokea Sh. 1,595,000 kwa mwaka, kwa mafungu mawili. Mwenye hati ya pili ya thamani hiyohiyo anapokea Sh. 1,256,000.

Kwa mstaafu aliyekwisha kujenga, huo ni mshahara. Kwa muuza vitenge ambaye kila msimu anahitaji fedha ya kuagiza mzigo, hati hiyohiyo inaweza kuwa mtego. Akikwama mwaka wa tatu atalazimika kuiuza DSE kwa bei ya siku hiyo, na kama riba za hati mpya zimepanda, hati yake itashuka thamani. Serikali haijamdhulumu. Yeye ndiye aliyefungia fedha ya mwezi ujao katika karatasi ya miaka 25. Tofauti kati ya watu hao wawili haionekani kwenye tangazo la mnada. Huonekana mtu akiulizwa maswali.

Kukosa kuulizwa maswali kumewahi kuwagharimu wengi. Mwaka 2009 Serikali ilisimamisha shughuli za DECI, mpango ambao wanachama walipanda "mbegu" ya fedha wakiahidiwa kuvuna maradufu. Watu walikuwa wamepanda akiba na mitaji ya maduka. Swali moja lingetosha kuwaokoa: mavuno hayo yanatoka katika biashara gani? Kama yanatoka katika mbegu za wanaojiunga leo, siku foleni ikikatika hakuna wa kuvuna.

Simu imechukua nusu ya kazi

Leo mwekezaji anaweza kununua hisa kwa simu kupitia mfumo wa Hisa Kiganjani wa DSE. Asiyetaka kuchagua mwenyewe anaweza kuweka fedha katika mifuko ya UTT AMIS, kama Umoja, Ukwasi au Hati Fungani, ambako mameneja humchagulia. Kazi ya kujaza fomu na kupeleka oda inazidi kupungua thamani, na anayeitegemea peke yake ana sababu ya kuhofu.

Simu, hata hivyo, haimuulizi mteja kama ada ya shule imelipwa. Nusu hiyo ya kazi inabaki kwa mtu, na ndiyo yenye faida kubwa kwa mteja. Shida ni malipo.

Uingereza ilijaribu kuikata shida hiyo kwa sheria. Kuanzia mwisho wa mwaka 2012, washauri wa uwekezaji wa wateja wa kawaida walikatazwa kupokea kamisheni kutoka kwa kampuni ambazo bidhaa zake wanazipendekeza. Mteja sharti alipe mwenyewe, kwa ada inayojulikana. Ushauri ukawa safi zaidi, lakini wenye akiba ndogo waliona ada ni kubwa, na washauri wengi wakawaacha.

Kwa soko la hapa, njia inayoelekea kufaa ni ya watu kuchangiana. Kikundi cha VICOBA au SACCOS chenye wanachama 30, kila mmoja akitoa Sh. 10,000, kinapata Sh. 300,000 za kumlipa mshauri mwenye leseni kwa siku moja ya kazi. Kiasi hicho ni sawa na kamisheni ya biashara 35 za Sh. 500,000 kila moja, na hakimlazimishi mshauri kuuza kitu chochote. Kijana anayesomea fani hii, kwa mfano kupitia kozi za CMSA, atapata wateja kwenye vikundi kama hivyo kuliko kwa kumsubiri tajiri mmoja aingie ofisini.

Mwekezaji mdogo naye aanze na maswali matatu kabla ya kutoa hata shilingi. Una leseni ya CMSA? Unalipwa na nani? Nisiponunua chochote leo, utapoteza nini? Mshauri anayejibu la tatu bila kugugumia anastahili ada yake.