Kumtafuta Askari katika Hifadhi za Kidijitali

Swali linalowafikia mara nyingi mno watunza nyaraka na wanahistoria wa Afrika Mashariki, na ambalo limeanza kuwachosha kwa sababu huja na jibu lake mkononi, huulizwa na wajukuu na vitukuu wa watu waliopigana katika vita vya 1914 hadi 1918. Wameingia katika hifadhi ya kidijitali ya Berlin au ya London, wameandika neno "askari" pamoja na jina la mzee wao, wamepata matokeo chungu nzima yasiyomhusu au hawakupata chochote, kisha wanataka kujua ni nani aliyezichoma au kuzificha kumbukumbu zake. Kabla ya kumsaka mwizi, ingefaa waulize kama mahali walipotafuta palikuwa na uwezo wa kuwajibu, kwa kuwa shaka yao yote imesimama juu ya imani moja isiyo kweli, nayo ni kwamba kisanduku cha utafutaji husoma nyaraka zilizomo ndani ya hifadhi.

Hakizisomi. Katika hifadhi nyingi kubwa kisanduku hicho husoma orodha tu, yaani maelezo mafupi ambayo mtunza nyaraka fulani, pengine miongo mingi iliyopita, aliyaandika kwa kila jalada bila kupitia kila ukurasa. Hifadhi ya Taifa ya Uingereza, iliyoko Kew, ina mfululizo uitwao CO 534, ambao ni mawasiliano ya Wizara ya Makoloni kuhusu King's African Rifles, jeshi lililoundwa mwaka 1902 kwa kuunganisha vikosi vya Waingereza vya Afrika Mashariki na ya Kati. Na mfululizo, kwa lugha ya fani hii, ni kundi la majalada yaliyotoka katika ofisi moja na kuhifadhiwa kwa mpangilio wa ofisi hiyo. Mambo ya askari ndiyo shughuli nzima ya mfululizo huo, lakini kwa sababu hiyohiyo mwandishi wa orodha hakuona haja ya kulirudia neno hilo, akatosheka na jina la idara na mwaka, na mtafutaji aliyeandika "askari" hupita juu ya majalada hayo yote bila kuligusa hata moja. Hali ni ileile katika Hifadhi ya Shirikisho ya Ujerumani, ambako majalada ya Wizara ya Makoloni ya dola ya Kaisari yamewekwa chini ya alama R 1001: mengi yameshapigwa picha na yanaonekana mtandaoni ukurasa kwa ukurasa, lakini picha ya ukurasa si maandishi, na barua iliyoandikwa kwa mkono wa Kijerumani wa zama zile, ule mwandiko wa Kurrent ambao hata Wajerumani wengi wa leo hawausomi, ni doa la wino tu mbele ya mashine ya kutafutia.

Wapo wanaojibu kwamba magazeti na vitabu vya kale husomwa na mashine, na jambo hilo ni kweli kwa kiasi. Usomaji wa herufi kwa mashine ni kazi ya programu inayotazama picha ya ukurasa uliopigwa chapa na kukisia kila umbo ni herufi gani. Makisio hayo ndiyo hutafutwa, wala si ukurasa wenyewe. Machapisho mengi ya Kijerumani ya wakati huo yalipigwa chapa kwa herufi za Fraktur, ambamo herufi s ya katikati ya neno mara nyingi ni ndefu na inakaribia kufanana na f, na k inafanana na t, kwa hiyo neno "Askari" laweza kutoka katika mashine likiwa "Afkari" au "Astari", na hakuna binadamu atakayefikiria kuliandika hivyo katika kisanduku. Hata pale mashine inaposoma sawasawa, waandishi wenyewe hawakukubaliana: Kiswahili cha karne ya 19 kina "asikari" katika kamusi na barua, Waitaliano wakaandika "ascari", Wajerumani na Waingereza wakaongeza s ya wingi, na katika hati za Kiswahili zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu neno limekaa kwa ain, sin, kaf, ra na ya, ambalo mwandishi wa orodha wa Ulaya alilihamisha katika herufi za Kilatini kwa mtindo uliompendeza. Baya zaidi kwa mtafutaji ni kwamba waandishi wa ripoti mara nyingi hawakulitumia neno lenyewe, bali waliandika "native troops", "rank and file", "Farbige", au namba ya kikosi tu, jambo lililotosha kabisa kwa mkubwa aliyeipokea ripoti.

Kwa hiyo ukurasa mtupu unaosema hakuna matokeo hutoa habari moja tu, kwamba hakuna mwandishi wa orodha wala mashine iliyoziandika herufi zile kwa mpangilio ule mahali pale. Kuuchukua kuwa ushahidi kwamba mtu hakuandikishwa jeshini ni kosa la hoja, na ni kosa linaloumiza, kwa sababu laweza kuzifanya familia kumkana mzee wao mwenyewe kwa kuamini kisanduku kuliko kumbukumbu ya ukoo.

Imani hiyo ina nusu ya pili inayoelekea upande mwingine, ikidai kwamba kila kilichopatikana kwa neno moja ni cha jambo moja. Neno hili limesafiri mno kwa dai hilo kuwa na maana. Katika nyaraka za dola ya Waosmani, "askeri" ni tabaka zima la watumishi wa dola wasiotozwa kodi, wakiwamo makadhi ambao hawakuwahi kushika bunduki. Katika nyaraka za Italia ni wanajeshi wa Eritrea na Libya, baadhi yao wakiwa wamepigana katika vita vya Adwa mwaka 1896. Wajerumani waliokalia Poland katika vita vya pili vya dunia waliwaita "Askaris" walinzi wasaidizi wa SS waliofunzwa katika kambi ya Trawniki, watu ambao hawakuwa na uhusiano wowote na Tabora au Bukoba. Afrika Kusini iliita Askari operesheni ya jeshi lake nchini Angola ya Desemba 1983, na ikawaita askari wapigania uhuru waliogeuzwa kuwatumikia polisi wa ubaguzi. Waandishi wa habari za wanyama nao hutumia neno hilo kwa madume machanga ya tembo yanayoandamana na dume mzee. Mtafutaji asiyesoma mwaka, mahali na ofisi iliyotoa waraka atajikuta ameweka picha ya mwanajeshi wa Eritrea katika kitabu cha ukoo wa Mahenge, na picha ikishaingia kitabuni huwa vigumu kuiondoa. Mambo hayo ni kikundi cha wageni waliokutana kituoni kwa kuwa wana majina yanayofanana, na kazi ya mtafutaji ni kumwuliza kila mmoja anatoka wapi.

Hoja ya kuchomwa na kufichwa haistahili kutupwa yote, lakini inastahili kusemwa kwa usahihi. Aprili 1945 mabomu yaliteketeza hifadhi ya jeshi iliyokuwa Potsdam, na pamoja nayo sehemu kubwa ya nyaraka za jeshi la Kijerumani la kabla ya 1918. Hasara hiyo ni kweli na haitarudi. Mwaka 2011, katika kesi ya wazee wa Mau Mau mjini London, serikali ya Uingereza ilikiri kwamba imehifadhi kwa siri majalada yaliyohamishwa kutoka makoloni 37 ya zamani, nayo sasa yako Kew chini ya alama FCO 141. Majalada hayo yalifichwa kweli, ila kwa sehemu kubwa yanahusu miaka ya mwisho ya utawala wa kikoloni, wala si vita vya 1914. Ukosefu mkubwa kuliko hiyo miwili ulifanywa hadharani na kwa uamuzi wa ofisi. Tume ya makaburi ya vita ya dola ya Uingereza iliona inatosha kusimamisha sanamu za askari Dar es Salaam, Nairobi na Mombasa bila kuandika majina, na ripoti iliyotolewa mwaka 2021 na tume hiyohiyo, leo ikiitwa ya Jumuiya ya Madola, ilikadiria kwamba watu wasiopungua 116,000, na pengine hata 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa jina au hawakukumbukwa kabisa. Hakuna kisanduku kitakachotoa jina ambalo karani aliamriwa asiliandike, na dhuluma hiyo inapaswa kutajwa kwa jina lake badala ya kuchanganywa na kutojua kutafuta.

Siku hizi imezuka dawa nyingine, ambayo ni kuiuliza programu ya akili bandia imtaje babu na namba ya jalada lake. Programu hizo hutunga sentensi zinazoelekea kuwa kweli, na namba ya jalada ni sentensi rahisi kutunga. Nyingi ya namba hizo, zikipelekwa Kew au Berlin, huelekeza kwenye jalada la jambo jingine kabisa au kwenye jalada lisilokuwapo. Namba isiyothibitishwa katika orodha ya hifadhi yenyewe haifai kunukuliwa.

Njia zinazofaa si ngumu. Utafutaji uanze na mahali, mwaka na kikosi, wala si na neno la jumla: jeshi la Kijerumani la Afrika Mashariki, lililokuwa na askari takriban 2,500 vita vilipoanza, lilipangwa kwa kampani za uwanjani, kwa hiyo "Feldkompanie" pamoja na namba au mji wa kambi huzaa zaidi kuliko "askari", na upande wa Waingereza afadhali namba ya batalioni ya King's African Rifles na shajara za vita zilizo katika mfululizo wa WO 95 huko Kew. Kwa wapagazi, ambao walikuwa wengi kuliko wapiganaji, litafutwe jina la Carrier Corps. Alama ya kinyota mwishoni mwa shina, kama "askar*", hukusanya tahajia kadhaa kwa mkupuo pale hifadhi inapoiruhusu. Miaka iwekewe mipaka ili Angola ya 1983 na Poland zibaki nje. Na maneno yasirundikwe, kwa kuwa katika mifumo mingi kila neno linaloongezwa hupunguza matokeo. Picha zitafutwe pembeni ya nyaraka, katika hazina ya picha za kikoloni ya maktaba ya Chuo Kikuu cha Frankfurt na katika picha za mpiga picha Walther Dobbertin zilizoko Hifadhi ya Shirikisho, kwa maneno ya Kijerumani ya maelezo ya picha hizo. Mwaka wa mwisho usiwe 1918 kwa lazima, kwani mwaka 1964 Ujerumani Magharibi iliamua kuwalipa askari wa zamani waliokuwa hai, na nyayo za mtu huweza kuwa katika nyaraka za nusu karne baadaye. Mwandiko wa Kurrent husomeka kwa msaada wa programu ya Transkribus, mradi mtu anayeujua ahakikishe. Mfululizo ukishajulikana, majalada yake yafunguliwe moja baada ya jingine bila kutegemea kisanduku, namba kamili ya kila jalada iandikwe hata pale lisipotoa kitu, na yale ambayo hayajapigwa picha, yakiwamo majalada ya utawala wa Kijerumani yaliyobaki katika Hifadhi ya Taifa ya Tanzania, Dar es Salaam, yaombwe hukohuko kwa namba hizo.