Tovuti ya koperative: kununua iliyo tayari ao kujenga yetu?

Katika mikutano yetu na koperative za Kabare, Walungu na Kalehe, swali moja limerudi mara nyingi. Koperative inataka kuwa na tovuti, ile vijana wa Bukavu wanaita tu "site". Kisha anatokea mtu anasema: "Mimi niko nayo moja tayari, inaongelea kahawa ya Kivu, iko na miaka sita, niwauzie." Hapo komite inagawanyika. Wengine wanasema tununue, juu kazi imekwisha fanywa. Wengine wanasema tujenge yetu.

Sisi ni wataalamu wa kilimo, si watu wa kompyuta. Lakini tumekaa pembeni ya komite tatu wakati zilipokuwa zinaamua jambo hili, na moja kati yao ilipata hasara. Tuanze na hiyo.

Ilikuwa koperative ya kahawa, kando ya ziwa. Kijana mmoja aliijengea tovuti nzuri sana: picha za kituo cha kuoshea kahawa, majina ya vijiji, kimo cha mashamba. Anwani ya tovuti ilichapwa kwenye mifuko. Lakini yule kijana aliandikisha anwani kwa jina lake mwenyewe na kwa imeli yake, na alilipa kwa karte ya benki ya shemeji yake. Hakuwa na nia mbaya. Koperative haikuwa na karte, wala imeli. Kiisha akaenda kutafuta maisha Kampala. Ujumbe wa kukumbusha malipo ya mwaka ulifika kwenye imeli ambayo hakuna aliyeifungua. Muda wa anwani ukaisha, mtu mwingine akaichukua. Mnunuzi mmoja wa Ulaya alisoma anwani kwenye mfuko, akaifungua, akakuta michezo ya kubeti. Alituandikia sisi kuuliza kama koperative ingali hai.

Kwa hiyo, mbele ya kuuliza kununua ao kujenga, tuelewe kwanza kitu chenyewe. Tovuti ni kama nyumba kwenye parseli. Anwani, kwa mfano jina linaloishia na .com, ndiyo parseli. Kurasa na picha ndizo nyumba. Tofauti moja: anwani hainunuliwi milele. Inalipiwa kwa mwaka, ingawa ya .com unaweza kuilipia mpaka miaka 10 kwa mara moja. Usipolipa, unapewa siku chache za kujirudi, na kwa .com kuko siku 30 zingine za kuikomboa kwa malipo ya juu. Zikipita hizo, anwani inafutwa na mtu yeyote duniani anaweza kuiandikisha.

Sasa yule mwenye kuuza. Kila mtu wa Bukavu anajua habari za parseli iliyouzwa kwa watu wawili: mtu anakuonyesha nyumba, anakuingiza ndani, anakupa maji ya kunywa, kumbe karatasi ziko kwa jina la mwingine. Kwa tovuti ni vilevile. Shirika la kimataifa linaloangalia majina ya intaneti, ICANN, liko na ukurasa wa bure ambapo unaandika anwani na unaona iliandikishwa lini, itaisha lini, na kupitia kampuni gani. Jina la mwenyewe mara nyingi limefichwa siku hizi, kwa hiyo hiyo haitoshi. Mwambieni muuzaji aingie kwenye akaunti yake mbele ya macho yenu, aongeze mstari mmoja wenye jina la koperative yenu kwenye ukurasa wa kwanza. Kama anasema "yule fundi wangu hayuko leo", mungojeeni fundi. Musitoe feza.

Jambo la pili ni historia. Mbele ya kununua shamba la ndizi tunauliza kama ule mnyauko wa bakteria umepita pale. Mwenye shamba anasema hapana, na sisi tunakata mgomba kutazama kama unatoa usaha wa manjano. Anwani nayo inakatwa. Kuko maktaba ya bure inayoitwa Internet Archive ambayo inahifadhi kurasa za intaneti tangu 1996. Munaandika anwani, munachagua mwaka, munaona ilikuwa inaonyesha nini wakati ule. Anwani inayodai kuongelea kahawa miaka sita inaweza kuwa iliuza dawa za uongo miaka mitano, na kahawa iliwekwa mwezi uliopita. Injini za kutafutia kama Google zinaweza kuwa zilikwisha kuiona mbaya, na koperative itarithi jina baya pamoja na nyumba.

Muuzaji atasema pia kwamba watu elfu tano wanaitembelea kila mwezi. Inawezekana. Muulize tu wanatoka inchi gani na wanasoma ukurasa gani, na awaonyeshe hesabu kwenye skrini, si kwenye karatasi aliyoandika yeye. Tulipofanya hivyo na komite moja, tulikuta karibu wote walikuja kusoma habari za mpira. Ile koperative ilikuwa inatafuta wachoma kahawa watatu ao wanne wenye kulipa vizuri. Watu wa mpira hawatanunua hata kilo moja, na wataondoka siku munapoondoa mpira.

Na picha? Hapa tunakuwa wakali kidogo. Tumeona tovuti inayouzwa ikiwa na picha za akina mama wanaochambua kahawa, na mmoja wetu akawatambua: ni wanamemba wa koperative ingine kabisa. Mnunuzi anayeonja kahawa yenu kwenye maonyesho ya Saveur du Kivu anataka kujua ni nani aliyeipanda. Mukimuonyesha sura za watu wengine mumemdanganya, hata kama mulilipa feza halali.

Ukitoa historia isiyo yenu, wageni wasio wenu na picha zisizo zenu, kinachobaki cha kununua ni anwani peke yake. Kwa maoni yetu kuko hali moja tu ambapo inafaa kulipa: kama ile anwani ni jina lenu hasa, na mtu aliwatangulia kulichukua. Hata hapo, muulize kwanza kama jina hilohilo liko wazi kwa mwisho mwingine. Mwisho wa .com ni wa kila mtu na unauzwa karibu dola 10 mpaka 15 kwa mwaka. Inchi yetu iko na wake, .cd, uliochukua nafasi ya .zr ya wakati wa Zaire. Na kuko .coop, ambao unapewa koperative na mashirika yao tu. Ni ghali kuliko .com na unaomba muonyeshe kwamba ninyi ni koperative kweli, lakini mfanyabiashara wa majina hawezi kuuchukua kirahisi mbele yenu.

Kujenga hakuombi makubwa. WordPress, programu ya bure inayotumika tangu 2003, inatosha, na vijana wengi wanaomaliza masomo ya kompyuta hapa mjini wanaijua. Kurasa nne: sisi ni nani, tunalima nini na wapi, mavuno ya msimu huu, namna ya kutuandikia. Picha zipunguzwe uzito, juu mwanamemba wa Idjwi anayefungua kwa simu analipia kila megabaiti. Nafasi ya kuhifadhi tovuti inalipiwa kila mwaka pia. Muulize bei ya mwaka wa pili, maana ya mwaka wa kwanza mara nyingi imepunguzwa kusudi muingie. Kwa habari za ndani, kama siku ya mkutano ao bei ya cherry ya kahawa, kikundi cha WhatsApp kinafanya kazi vizuri kuliko tovuti yoyote. Tovuti ni kwa yule asiyewajua.

Kitu kimoja musiweke. Sheria mpya ya Umoja wa Ulaya juu ya kulinda misitu inaomba wanunuzi waonyeshe kahawa ilitoka shamba gani, na kwamba msitu haukukatwa pale baada ya tarehe 31 Desemba 2020. Ndiyo maana munapimiwa mashamba kwa GPS. Vile vipimo vinapewa mnunuzi mkononi. Kuviweka kwenye tovuti pamoja na majina ya wakulima na feza waliyopokea, kwa hali ya usalama tunayoijua, hapana.

Ikiwa komite inaamua kununua hata hivyo, ilipe kwa sehemu. Anwani ya .com inahamishwa kutoka kampuni moja kwenda ingine kwa namba ya siri, na ikiwa imeandikishwa ao imehamishwa karibuni inaweza kufungwa siku 60 bila kuhama. Sehemu ya mwisho ya feza itoke siku ile anwani inaonekana ndani ya akaunti ya koperative, si siku ya kusaini. Na iandikwe kwa jina la koperative, si la prezida. Sheria ya OHADA juu ya koperative, iliyopitishwa Lomé tarehe 15 Desemba 2010 na inayotuhusu tangu Kongo ilipoingia OHADA mwaka wa 2012, inaifanya koperative iliyoandikishwa kuwa mtu mbele ya sheria. Inaweza kuwa na depo yake, na inaweza kuwa na anwani yake. Andikeni uamuzi kwenye PV ya mkutano.

Imeli ya kuandikishia iwe ya koperative, na neno la siri lijulikane na watu watatu: prezida, sekretere na kesiye. Tarehe ya kulipa iandikwe kwenye kitabu cha kesi, pembeni ya kodi ya depo.

Ile koperative ya kwanza ilijaribu kurudisha anwani yake. Mwenye kuishika aliomba dola 1.800. Komite ilikaa saa mbili, ikakataa, ikachukua anwani mpya kwa jina lake yenyewe na ikajenga kurasa tatu. Mifuko ya zamani ilikuwa ingali mingi kwenye depo. Akina mama wa kituo walikaa siku nzima na kopo la rangi nyeusi, wanafunika anwani ya zamani, mfuko kwa mfuko.