Chozi Anataka Pa Kushika

Ndege wavumaji, wale wanaosimama hewani mbele ya ua, wanaishi mabara ya Amerika tu. Huku kwetu Baleni, pwani, kazi yao inafanywa na chozi, ambaye hana udugu nao wa karibu. Wamefananishwa na chakula: wote hufuata mbochi, na mdomo mrefu mwembamba ndio unaoufikia. Lakini chozi hupapatika mbele ya ua kwa muda mfupi tu. Akipata kijiti, hutua kwanza. Kwa hiyo anayetaka kumvuta uani asichague kichaka kwa rangi ya maua peke yake. Aangalie pa kushika.

Mimi ningeanza na haibiskasi ya pwani yetu, Hibiscus schizopetalus, iliyopewa jina hilo la kitaalamu mwaka 1880. Ni mmea wa asili wa pwani ya Kenya, Tanzania na kaskazini mwa Msumbiji, ingawa wengi huudhani mgeni. Ua lake jekundu huning'inia kwenye kikonyo kirefu, petali zimechanikachanika na kujikunja juu, chavua imetokeza chini kabisa. Chozi hushika kitawi akainama. Wapo wajanja wanaotoboa kitako cha ua na kunyonya pembeni bila kugusa chavua; huo ni wizi, na mwenye bustani hana la kufanya.

Kata kijitawi cha haibiskasi hiyo kilichokomaa, urefu wa shibiri moja, ukichomeke kivulini kwenye mchanga wenye unyevu. Kikishika mizizi, kihamishe wakati wa masika. Udongo wa kichanga hauhifadhi maji, hivyo changanya samadi shimoni, kisha tandaza makumbi juu yake. Dawa ya wadudu iache dukani: makinda ya chozi hulishwa wadudu na buibui, na kiota chenyewe hufungwa kwa utando wa buibui.

Kirukia nacho kina maua anayoyapenda. Mkulima wa michungwa atanicheka, na ana haki, maana mmea huo hunyonya mti uliouotea. Kwenye mti usio na faida, mwachie chozi.

Anayeishi karibu na mikoko ana bahati zaidi. Petali za msinzi, mmojawapo wa mikoko hiyo, hubana chavua ndani. Mdomo wa ndege ukigusa kitako chake, hufyatuka na kumrushia chavua kichwani. Mti huo hauhitaji kupandwa, unahitaji kuachwa bila kukatwa.